Mtoto Aliyefichwa Hakupokewa

Siku ya ubatizo ni siku ya furaha katika kanisa lolote. Mama huleta mtoto wake amevikwa nguo nyeupe, msimamizi wa ubatizo huahidi mbele ya mkutano kwamba atamsaidia mzazi katika malezi, na akina mama hupiga vigelegele hata paa likaitika. Lakini yuko mtoto mmoja ambaye akiletwa, vigelegele hupungua. Watu hugeuza shingo, wengine hunong'onezana, na mamaye huketi benchi la nyuma karibu na mlango, apate kutoka upesi. Mtoto huyo ni yule aliyezaliwa na ngozi nyeupe na nywele za manjano, mtoto mwenye ualbino. Nimeona yafaa niandike habari zake, maana sisi Wakristo wa pande hizi za ziwa, kutoka Buhongwa mpaka Misungwi, Kwimba na Sengerema, twajidanganya juu yake. Twasema tumempokea, kumbe tumemficha tu. Na kumficha mtoto si kumpokea.

Mambo yaliyotupata mwayajua, walakini ni vizuri yasemwe pamoja na miaka yake, kwa kuwa jambo lisiloandikwa husahauliwa upesi. Tangu miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu, na hasa pande hizi za ziwa, ilianza kusikia kila mara habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, ili viungo hivyo vifanywe dawa ya bahati. Ilipofika mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu watu zaidi ya 70 waliouawa hivyo katika Tanzania tangu mwaka 2000, na wengi wao walikuwa watoto. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa miaka 14. Mwezi wa Desemba 2014 msichana wa miaka minne aliibwa usiku nyumbani kwao wilayani Kwimba. Mwezi wa Februari 2015, huko Chato, mtoto wa mwaka mmoja alinyang'anywa mamaye, na mama huyo akajeruhiwa vibaya alipokuwa akimpigania. Baada ya siku chache maiti ya mtoto ilionekana haina mikono wala miguu. Baadaye tukanyamaza, tukidhani kwamba mambo yamekwisha. Hata mwezi wa Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu akachukuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba, na mwezi wa Juni maiti yake ikapatikana, viungo vimekatwa.

Basi nikizungumza na Wakristo wenzangu juu ya mambo haya, kwa kawaida nasikia majibu manne. Nataka kuyapima moja moja.

Jibu la kwanza ni hili: "Hayo ni mambo ya wapagani, sisi hayatuhusu." Ndugu, sivyo. Mganga peke yake hana fedha. Yule atumwaye usiku na panga, aghalabu ni maskini aliyeahidiwa malipo. Sharti yuko wa tatu aliye na fedha, na huyo ndiye mwanzo wa yote. Ni nani huyo? Ni mtu atakaye nyavu zake zijae samaki, au shimo lake la dhahabu litoe mali, au duka lake liwashinde wenziwe, au ashinde katika uchaguzi. Watu wa namna hiyo hawaishi msituni. Wengi wao wana majina ya ubatizo, wana viti vya mbele, na siku ya harambee ya kanisa hutajwa kwanza. Tena kumbukeni ya Muleba. Polisi walipotangaza kwamba wamewakamata watu tisa, miongoni mwao walikuwapo baba wa mtoto, mganga, na hata padri msaidizi wa parokia. Sisemi nani mwenye hatia. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Nasema neno moja tu: tangu siku ile hapana Mkristo awezaye kusema kwa moyo safi kwamba jambo hili liko nje ya uzio wetu. Mwenye kwenda Misa asubuhi na kwa mpiga ramli jioni, huyo ndiye mnunuzi, ijapokuwa mkono wake haujashika panga. Maana kila shilingi impatayo mganga wa bahati ndiyo ilindayo biashara yake.

Jibu la pili huambiwa mama: "Umelileta wewe, lichukue." Wapo wanaume waliowaacha wake zao siku ile ile ya kuzaa, wakisema kwamba mwanamke amezini, au amelaaniwa, au mzimu umembadilishia mtoto. Mimi ni mwalimu, na ni wajibu wangu kusema wazi yale yaliyothibitishwa na elimu. Ualbino hutoka kwa baba na mama pamoja. Mtu aweza kubeba asili yake mwilini pasipo kujua, kwa sababu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu ngozi yake ni nyeusi kama ya wenzake. Wakikutana mume na mke ambao wote wawili huibeba, basi katika kila mimba iko nafasi moja katika nne ya kuzaliwa mtoto mwenye ualbino. Ndiyo maana wazazi weusi huzaa mtoto mweupe. Ndiyo maana mtoto mmoja aweza kuwa mweupe kati ya ndugu sita weusi. Hapo hapana laana, wala hapana uzinzi, wala hapana Mzungu aliyepita njiani. Mwanamume amfukuzaye mkewe kwa sababu hiyo amemfukuza kwa ajili ya kitu kilichomo katika damu yake mwenyewe. Na wazee wa kanisa wamwachao mtu huyo akae kimya, wasimwite wala wasimwonye, wameshiriki katika kosa lake.

Jibu la tatu ndilo linaloonekana jema, nami nitakaa nalo zaidi: "Serikali imewajengea mabweni, huko wako salama, tumshukuru Mungu." Ni kweli. Mauaji yalipozidi, watoto walikusanywa wakapelekwa kulala katika shule zilizokuwa zikiwatunza wasioona na wenye ulemavu mwingine: Mitindo hapa jirani wilayani Misungwi, Buhangija mjini Shinyanga, Kabanga wilayani Kasulu. Wakati ule lilikuwa jambo la lazima, kama vile mtu anavyomtoa mtoto katika nyumba inayowaka moto bila kuuliza atamlaza wapi. Waalimu na walezi wa shule hizo walifanya kazi kubwa, na mimi siwalaumu hata kidogo. Lakini moto ukizimwa, mtoto hurudishwa nyumbani, na nyumba hujengwa upya. Sisi hatukufanya hivyo. Tulimkabidhi mtoto langoni, tukarudi kulala usingizi.

Tazameni yaliyofuata. Watoto wadogo, wengine hawajajua hata kufua nguo zao, walirundikana katika majengo yasiyowatosha, wakilala wawili watatu katika kitanda kimoja. Wapo waliokaa miaka bila kutembelewa na jamaa yao yeyote, hata wakasahau lugha ya nyumbani na sura ya mama. Wapo wazazi waliowapeleka wakaondoka na kutoa habari za uongo, wasipate kutafutwa tena. Mtoto wa namna hiyo huokoka na panga, lakini hupoteza baba, mama, ukoo na kijiji. Akitimiza miaka kumi na minane atakwenda wapi? Shamba la babaye limekwisha kugawanywa kwa ndugu zake. Kanisani kwao hapana amjuaye. Na wale waliokua pamoja na ndugu zake hawakupata kamwe kucheza naye, kuketi naye darasani, wala kuona kwamba yeye hucheka na kulia na kuugua malaria kama wao. Basi wameendelea kuamini hadithi za kale, ati watu hawa hawafi bali hutoweka tu. Kadiri tunavyomficha, ndivyo hadithi hiyo inavyopata nguvu. Na hadithi hiyo ndiyo imnoleayo muuaji panga lake.

Tena sisi Wakristo tumejipatia desturi moja inayoniumiza. Karibu na Noeli twakusanya sabuni, mchele na nguo zilizochakaa, twapanda gari, twafika kwenye bweni, twapiga picha pamoja na watoto, twaimba nyimbo mbili, kisha twaondoka. Tukifika nyumbani twasema tumewatembelea. Sabuni ni njema, na mchele ni mwema. Lakini mtoto yule hakuwa na haja ya mgeni wa saa mbili. Alikuwa na haja ya mtu amwambiaye, "Mwanangu, tumekuja kukuchukua, uje ule sikukuu nyumbani."

Hapo ndipo linapokuja jibu la nne, na hili si la wavivu, ni la wenye hofu ya kweli: "Mwalimu, tukimrudisha atauawa. Damu yake utaitaka kwa nani?" Ndugu, hofu hiyo siidharau. Lakini na tuangalie jinsi mtoto anavyoibwa. Wale wauaji hutoka mbali, hawaijui nyumba, hawajui mtoto hulala chumba gani wala baba amesafiri lini. Sharti mtu wa karibu awaonyeshe mlango. Mara nyingi waliokamatwa walikuwamo jirani, mjomba, baba wa kambo, au baba mwenyewe. Nyumba ya namna hiyo haivunjwi kwa nguvu, huvunjwa kwa sababu mama anakaa peke yake, mume amemkimbia, majirani wamemkwepa, na usiku akipiga yowe kila mtu husema, "Hayo ni ya kwake." Upweke huo ndio mlango wenyewe. Basi ulinzi wa kwanza wa mtoto si ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Ni majirani kumi wanaomjua kwa jina, wanaouliza jana hakuonekana kwa nini, na wanaotoka na mienge wakisikia yowe. Wasukuma hawakuwa na polisi zamani, lakini yowe likipigwa kila mwanamume alitoka. Je, sisi tulio na jumuiya ndogo ndogo katika kila mtaa tumekuwa duni kuliko babu zetu?

Sisemi watoto wote warudishwe kesho. Yuko ambaye hatari ya kwao ni baba yake mwenyewe. Huyo na akae bwenini, au apewe nyumba nyingine ya Wakristo waaminifu, kwa kibali cha ofisi ya ustawi wa jamii. Lakini kusema kwamba wote wakae huko daima, ni sawa na kusema kwamba muuaji ameshinda: yeye ndiye mwenye kijiji, na mtoto ndiye mgeni.

Tena tukumbuke dini yetu ilifikaje pande hizi. Mwezi wa Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika, tuwaitao White Fathers, waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakavuka ziwa kuja kusini. Mwaka 1883 wakakaa Bukumbi, mahali ambapo kutoka kwetu Buhongwa si mbali, ukiisha kupita Usagara. Hawakuja peke yao. Walikuja na watoto waliokombolewa katika utumwa, watoto wasio na ukoo, ambao kila mtu wa njiani aliwaona kuwa ni bidhaa. Huko pwani ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, shule yake ilianza na wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani alimkabidhi. Na mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo, waliijaza watoto wa namna hiyo hiyo. Maana yake ni nini? Ni kwamba kanisa la nchi hii halikuanza kwa watu wazima wenye heshima. Lilianza kwa watoto waliokuwa na bei. Na leo yuko tena katikati yetu mtoto mwenye bei. Mitaani vijana humwona wakaita "dili", yaani biashara. Kanisa lililozaliwa kwa kuwapokea watoto waliouzwa haliwezi kusema kwamba jambo hili ni geni kwake.

Bwana wetu naye, wanafunzi walipobishana nani mkubwa, alimtwaa mtoto akamweka katikati yao. Angalieni alimweka wapi: si nyuma karibu na mlango, wala si katika nyumba nyingine iliyofungwa, bali katikati.

Basi tufanye nini? Naeleza mambo machache, na yote yawezekana bila fedha nyingi.

Kwanza, ni juu ya jumuiya. Akizaliwa mtoto mwenye ualbino, viongozi wa jumuiya wafike nyumbani siku hiyo hiyo, wanaume na wanawake pamoja, wampongeze mama mbele ya mumewe na mbele ya wakwe. Mume akisikia pongezi za wazee, atapata taabu kuondoka. Msimamizi wa ubatizo wa mtoto huyo asiwe mtu wa jina tu. Awe jirani wa karibu, mwenye kujua kwamba ahadi yake ni pamoja na kuamka usiku. Iwepo zamu ya kumsindikiza shuleni na kumrudisha, kama tulivyo na zamu ya kufagia kanisa. Wazee wetu husema mkono mmoja haulei mwana. Basi tusimwachie mama mkono wake mmoja.

Pili, ni juu ya jua. Panga huua mara chache kuliko jua. Ngozi ya mtoto huyu haina rangi ya kuikinga, na saratani ya ngozi huwaua wengi wao wakiwa bado vijana. Kila asubuhi avae kofia pana, shati la mikono mirefu na nguo ndefu. Asipelekwe kupalilia pamba wala kuchunga ng'ombe adhuhuri; kazi zake ziwe za kivulini, au za asubuhi sana na jioni. Yako mafuta ya kukinga jua yatengenezwayo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu hawa hasa. Parokia na iulizie njia ya kuyapata kabla ya kununua maua ya altare. Akiota kidonda kisichopona, asiambiwe ni uchawi. Apelekwe Bugando mapema, kwa kuwa saratani ya ngozi ikionwa mapema hukatwa ikapona.

Tatu, ni juu yetu waalimu. Macho ya mtoto huyu huwa hafifu, naye huumizwa na mwanga mkali. Akishindwa kunakili ubaoni si mjinga wala si mvivu, na anayemchapa kwa ajili hiyo anamchapa kwa sababu ya macho aliyopewa na Mungu. Aketi mbele, mbali na dirisha lenye jua. Aruhusiwe kusimama akaribie ubao. Aruhusiwe kofia hata mstarini. Baraza la Mitihani huwapa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa. Ikiwa Baraza lililo mbali limemwona, mwalimu aliye naye chumba kimoja atasema nini? Na walimu wa dini wafanye vivyo hivyo katika mafundisho ya komunyo.

Nne, ni juu ya ulimi. Tusimwite "zeruzeru", wala tusiwaache watoto wetu kumwita hivyo, maana jina hilo ni la kumtia mtu katika kundi la vitu vya ajabu. Ana jina lake la ubatizo. Na aitwe kwa hilo. Wakati wa kupeana amani tumpe mkono kama tuwapavyo wengine. Kwaya ikitafuta sauti, yeye naye aitwe. Kijana akitaka kumposa binti mwenye ualbino, au binti kuposwa na kijana wa namna hiyo, wazazi wasikae vikao vya matanga.

Tano, ni juu ya ramli, na hapa sitafuti maneno laini. Mwezi wa Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli. Ikiwa Serikali imeweza kusema, kanisa haliwezi kunong'ona. Mkristo aendaye kwa mganga kutafuta bahati ya samaki, ya dhahabu au ya cheo, aonywe na wazee. Akikataa, asipewe uongozi wowote, na sadaka yake kubwa isipokewe kwa makofi. Afadhali kanisa letu likae bila bati miaka kumi kuliko kuezekwa kwa fedha ambayo hatujui imepitia mkono gani.

Huenda msomaji mmoja atasema kwamba nimekuwa mkali. Lakini mtoto wa Kwimba hakuwa na mtu wa kuwa mkali kwa ajili yake usiku ule, wala wa Chato, wala wa Muleba. Wote watatu walizaliwa vijijini kama vyetu, miongoni mwa watu wasalio kama sisi. Yuko mwingine leo katika mtaa wako. Pengine hujamwona kwa sababu mamaye humtoa nje giza likiingia. Basi usingojee Noeli wala gari la parokia. Jioni hii chukua mkeo na watoto wako, mwende, mbishe hodi, mkae, mle pamoja, mjue jina lake. Na Jumapili ijayo mpite kwao mwongozane kanisani, na mama huyo aketi katikati.

Mwalimu wa Buhongwa